Soko Lililoipa Barabara Mgongo

Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikuwa hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote nitakayosema utadhani nimetia chumvi, na kweli mimi kutia chumvi ni kama kupumua. Lakini hili halina chumvi: mtu aliyetukimbiza miaka mitatu tujenge soko la samaki pale Kivukoni, ukingoni mwa mto Kilombero, mwenyewe akiwekewa kambale mezani alikuwa anaisogeza sahani kwa kidole kimoja, kama unavyomsogeza mtoto wa jirani aliyejikojolea, halafu anaomba maharage.

"Mwenyekiti, unatuuzia usichokula?" Mama Paskalina alimuuliza siku moja. Huyu Mama Paskalina ndiye mama lishe wetu mkubwa, anakaanga kitoga mpaka mifupa inalika.

"Na wewe mama, si unauza sigara? Nani alishakuona unavuta?"

Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mweusi tii, buti za mvua miguuni masika na kiangazi, na mfuko wa rambo kwapani. Ndani ya rambo kulikuwa na mhuri wa kitongoji umefungwa kwenye soksi. Ukitaka barua ya utambulisho anakufungulia soksi popote alipo, shambani, kanisani, msibani. Mimi nilikuwa namwambia barua zetu zinanuka miguu mpaka wilayani. Anacheka. Alikuwa hana jinsi, lazima acheke.

Hilo la lazima acheke nilieleze vizuri, maana ndilo lililotuua. Yeye kwao ni juu, upande wa Mahenge, Mpogoro. Mimi ni wa mtoni, Mndamba. Babu zake na babu zangu walitaniana, kwa hiyo na sisi tulikuwa watani. Mtani hakasiriki. Mtani akikwambia una kichwa kama boga unamjibu, au unacheka, basi. Ukinuna, watu wanakuona wewe ndiye huna adabu. Na siku ukifa, mtani wako ndiye anayeingia kwenye kaburi lako, analala humo, anakataa kutoka mpaka ndugu zako wampe kitu. Nilimwahidi mara nyingi kwamba lake nitalala na kukoroma.

Sasa Kivukoni. Zamani kabla ya daraja, gari lolote la kutoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi lilikuwa linasubiri pantoni pale kwetu. Na pantoni ilikuwa haina haraka. Foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba kuna bwana mmoja alifika akiwa kapera, akavuka na mke na mtoto wa kwanza.

"Gawa kwa kumi," Mwenyekiti angesema hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake kwangu. Nikisema lolote, yeye anainua kidole: "Gawa kwa kumi. Basi alivuka na mchumba." Niliwahi kusimulia nilivyokutana na mamba mrefu kama basi la abiria. Akafikiri kidogo. "Basi la abiria ukiligawa kwa kumi, huyo alikuwa kenge."

Lakini foleni ilikuwepo, na foleni ndiyo ilitulisha. Abiria wanashuka, wananyoosha miguu, njaa inawauma. Akina mama wanauza wali, samaki, maembe, chai. Mimi nilikuwa na mtumbwi na nyavu, ila kazi yangu hasa ilikuwa mdomo. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la Mama Paskalina napiga stori, abiria wanakusanyika, wakikusanyika wanakula. Jioni Mama Paskalina ananifungia samaki wangu. Bwana Chumvi, wananiita, mpaka wajukuu zangu wanadhani ni jina la ubatizo.

Na yeye, kabla hajawa mwenyekiti, alikuwa anafanya kibarua palepale kwenye pantoni. Kazi yake ilikuwa kuweka kabari. Gari likishapanda, yeye anachomeka vipande vya gogo mbele na nyuma ya matairi lisije likatumbukia. Hapo napo utashangaa: alikuwa hajui kuogelea. Mto alikuwa anauogopa kama mkwe. Pantoni ikitoka tu anashika chuma, anafumba macho mpaka ng'ambo. Maelfu ya safari alivuka Kilombero bila kuuona. Alichokuwa anakiona ni madereva. Anaweka kabari, anainua uso, anamwangalia dereva. Alikuwa anajua nani hajalala, nani amegombana na mke, nani atanunua samaki na nani atauliza bei tu.

Daraja likaja. Hatukatai, daraja ni zuri. Wajawazito walikuwa wanazalia kwenye foleni, siku hizi wanafika hospitali. Tulilishangilia daraja lile, mimi nilicheza ngoma mpaka kiatu kikapoteza soli. Ila kesho yake asubuhi Mama Paskalina alipika sufuria lake la wali kama kawaida, akakaa. Magari yakawa yanapita kule juu, vuuu, vuuu, hakuna aliyeshuka. Saa nane mchana tukala ule wali wenyewe kwa wenyewe.

Kivukoni ikaanza kukauka. Vibanda vikaota majani. Vijana wakaenda Kibaoni kuendesha bodaboda. Ndipo tukamchagua yeye mwenyekiti, nadhani kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hajaanza kulalamika.

Jambo la kwanza alilofanya, alijaza mahindi mfuko wa kushoto wa suruali, akaenda kukaa darajani. Kila gari likipita anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Tangu kumepambazuka mpaka jua linazama. Siku tatu. Kuku wa kitongoji kizima wakawa wanamfuata nyuma kama wanafunzi na mwalimu. Tukasema cheo kimempanda kichwani.

Siku ya mkutano akaja na ile suruali, akageuza mfuko, akamwaga mahindi mezani. Yakaenea meza nzima mengine yakadondoka.

"Haya ni magari ya siku moja," akasema. "Hayajatukimbia. Hayajatuona."

Nikasema, "Mwenyekiti, tukaange bisi kwanza, ndiyo tuongee." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akasubiri tumalize, akaendelea.

Alikuwa ameshaenda halmashauri na diwani. Huko wamemwambia hivi: nyinyi wananchi mkisimamisha boma kwa nguvu zenu mpaka kwenye renta, juu ya milango, sisi tunapaua, tunaleta bati, tunaleta na bomba la maji. Soko la samaki, safi, lenye meza za saruji. Magari yatashuka pale badala ya kwenda kununua mjini. "Kwa kuanzia," akasema. Hilo nalo lilikuwa neno lake. Ukimpa kipande cha muhogo, "asante, hiki kwa kuanzia." Alipofiwa na mke wake tulienda kulala matanga, tukakaa siku tatu, tunaaga, akasema, "Asanteni, hizi kwa kuanzia." Tukabaki wiki nzima.

Fundi akachukua kijiti akachora soko kwenye vumbi. Akauliza, "Uso uangalie wapi?"

Watu wote wakanyoosha mkono mtoni. Hata hatukufikiri. Kivukoni tangu tuzaliwe mlango unaangalia mto. Nyumba zinaangalia mto, kanisa linaangalia mto, choo cha mzee mmoja jirani yangu kinaangalia mto na hakina mlango. Samaki wanatoka mtoni, watu walikuwa wanatoka mtoni, upepo unatoka mtoni.

Mwenyekiti akasema, "Uso uangalie barabarani."

Akaonyesha kule juu darajani kwa kidole.

"Nimekaa pale siku tatu. Nimewaangalia madereva. Akishamaliza daraja mpaka kwenye kona, dereva ana muda wa kumeza mate mara mbili. Basi. Kwenye hayo mate mawili awe ameona samaki, ameona mama amesimama, ameona moshi. Akiona ukuta anakanyaga mafuta."

Sasa nikwambie ukweli wangu. Nilimwelewa. Palepale. Mimi nimekaa kwenye benchi miaka yote ile nakusanya watu kwa mdomo, najua mtu hasimami mpaka aone. Lakini nilikuwa nimeshaliona lingine, limekuja lenyewe mdomoni, tamu, na mimi kitu kikishafika mdomoni hakirudi. Nikasimama.

"Jamani! Mwenyekiti anataka tuugeuzie mto makalio!"

Mkutano ukalipuka.

"Mto umetulea, umetulisha, leo tumeona lami tunauonyesha matako! Mto huu una wivu, jamani, utahama! Kesho mnaamka mnakuta mchanga mtupu, mto umeolewa Malinyi!"

Nikashuka pale katikati, nikaanza kutembea kinyumenyume na ndoo ya mtu, naenda kuchota maji huku nimeupa mto mgongo, nimevaa sura ya Mwenyekiti, nimefumba macho kama yeye kwenye pantoni. Mama mmoja alianguka kwenye benchi. Katekista alilia machozi. Nilitazama watu wale wote waliokuwa hawajacheka hivyo tangu daraja lifunguliwe, nikajiona mfalme.

Na yeye alicheka. Mtani wangu. Alishika mbavu akacheka, nikaona meno yake yote. Akajaribu kusema tena, "Lakini dereva...", mtu wa nyuma akapiga kelele, "Anaogopa mto huyo!" wakaanza upya. Wakapiga kura kwa mikono. Mtoni, mikono kama msitu. Barabarani, mkono wake na wa fundi, na fundi alikuwa anajikuna.

Mimi nikishindwa jambo huwa nanuna wiki mbili. Yeye kesho yake alfajiri alikuwa ameshapiga debe kuita watu kwenye msaragambo, amesimama na buti zake kwenye msingi wa soko linaloangalia mtoni. Na alilijenga lile soko kuliko sisi wote. Alibeba matofali elfu moja kwa siku. Haya, gawa kwa kumi, mia moja, na mia ni mengi kwa mtu mfupi. Akina mama walichota maji ya udongo, vijana wa Kibaoni walirudi Jumamosi na bodaboda zao wakasomba mchanga. Tulipofika kwenye renta, halmashauri wakatimiza ahadi, bati zikaja, bomba likaja. Nisiseme uongo, hakuna aliyetuangusha. Lile soko ni zuri mpaka leo. Mbele wazi, linapigwa na upepo wa mto, meza zinang'aa. Na nyuma, upande wa barabara, ukuta mmoja mrefu mzima bila tundu, ili vumbi lisiingie.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, tukala, tukanywa. Wiki ya kwanza walikuja watu wa mjini kushangaa. Wiki ya pili wachache. Baadaye tukawa tunasikia magari kwa nyuma, vuuu, tunaangaliana. Dereva mmoja pancha ilimkamata palepale, akazunguka kuomba maji, akashtuka. "Kumbe soko? Mimi miezi yote napita najua ni ghala la mpunga."

Mwenyekiti hakusema "niliwaambia." Hilo nimelisubiri miaka, hakulisema. Alitafuta rangi, akapanda ngazi, yeye mwenyewe, akachora samaki kwenye ule ukuta. Sasa mtu asiyekula samaki atajuaje samaki yukoje? Alimpa meno. Alimpa miguu, nadhani ni mapezi, lakini ni miguu. Magari yalivyoona vile yakaongeza mwendo, madereva wakidhani ni tangazo la kuwaonya mamba wanavuka. Hili la mamba ni la kwangu mimi, nimeliongeza. Ila magari hayakusimama, hilo sikuliongeza.

Aliitisha mkutano mwingine. Walikuja wachache. Akasema kwa upole tu, "Tutoboe ukuta. Milango miwili, kwa kuanzia. Fundi anasema inawezekana, tunaweka renta ndogo juu, paa halianguki."

Mtu mmoja akasema, "Tubomoe tulichojenga juzi? Watu wa Lumemo watatucheka."

Wengine wakaguna. Halafu taratibu wote wakanigeukia mimi. Walikuwa wanataka niseme. Mama Paskalina alinigusa goti.

"Bwana Chumvi, sema kitu basi."

Nilikuwa najua cha kusema. Ningesimama tu nikasema, jamani, siku ile nilikuwa natania, Mwenyekiti alikuwa sahihi, leteni nyundo. Maneno madogo. Wangenifuata, wangeubeba ukuta ule kwa meno. Lakini ningekuwa mimi ndiye mjinga wa kijiji. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Katika maisha yangu yote ndiyo mara pekee niliyonyamaza, na ndiyo mara pekee nilipotakiwa kusema.

Mwenyekiti alinisubiri. Alinisubiri muda mrefu. Halafu akafunga mhuri wake kwenye soksi, akasema, "Haya, tutaangalia siku nyingine."

Akina mama walipanda juu na mabeseni yao, wakauza kando ya lami, magari yakasimama kweli, kama alivyosema. Ila pale ni penye kona, ni hatari, wakaambiwa watoke, na ni haki, mtoto angegongwa. Wakaenda mmoja mmoja mjini. Mama Paskalina alikuwa wa mwisho. Alinipa samaki wangu wa jioni, mkubwa kuliko siku zote, ndiyo nikajua anaondoka.

Na yeye miguu ikaanza kuvimba. Binti yake akaja kumchukua, akaenda kuishi naye Kibaoni. Kutoka kwetu si mbali, lakini nilichukua mwaka mzima kufika. Nilikuwa naogopa ataniuliza.

Nilimkuta barazani kwenye kiti, buti zimekaa pembeni kwa sababu miguu haiingii tena. Kiti kimeelekezwa barabarani. Kwenye mapaja ana mabakuli mawili ya mahindi, moja kushoto, moja kulia.

"Shikamoo, Mwenyekiti." Yeye alikuwa ananizidi miaka.

"Marahaba, mtani. Bado hujanyongwa huko kwa uongo?"

"Kamba ilikatika."

Akacheka mpaka akakohoa. Binti yake akaleta chai. Tukaongea mvua, tukaongea mpunga, bodaboda zinapita, anahamisha punje. Halafu bila kuniangalia akauliza.

"Ule ukuta."

"Tulishautoboa, Mwenyekiti!" Lilinitoka lenyewe. "Tulipiga msaragambo mkubwa, kitongoji kizima. Milango mitano!"

"Mitano." Akainua kidole. "Gawa kwa kumi. Nusu mlango."

"Nusu mlango," nikasema.

"Magari je? Yanashuka?"

"Ishirini kwa siku!"

Akahamisha punje moja. Akahamisha ya pili. Akakaa ameziangalia zile mbili kwenye bakuli la kulia kama mtu anaangalia vifaranga.

"Mawili," akasema. "Sawa. Kwa kuanzia, yanatosha."

Mimi sikusoma, sijui hesabu. Lakini najua kweli yenyewe ilikuwa hakuna hata moja, na ile nayo huwezi kuigawa. Nilikunywa chai yangu mpaka majani. Ningeweza kusema palepale. Binti yake aliniongezea sukari, nikasema asante.

Hakumaliza masika. Tulimrudisha Kivukoni kumzika, kwa sababu mke wake yuko pale. Watu walirudi wote, ambao sijawaona miaka. Mama Paskalina alikuja na sufuria lake. Jeneza likawekwa kwenye mchanga, na mimi nikashuka kaburini kama ilivyo kazi yangu, nikalala chali. Baridi. Ukilala mle unaona watu wameinama wamekuzunguka, na mbingu katikati, na kabla sijashuka nilikuwa nimeona kwa mbali bati za soko na kile kipande cha ukuta chenye mkia wa samaki wake.

"Haya, mtani!" wakasema juu. "Unataka nini utoke?"

Wakawa wameshaanza kutabasamu. Walikuwa wanasubiri kama siku ile ya mkutano.

Nikasema, "Sitoki humu mpaka mniahidi tunatoboa ukuta."

Wakacheka.

"Nasema kweli. Alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyewapoteza. Leteni nyundo leo hii, hapahapa, kabla hamjamfukia."

Wakazidi kucheka. Mtu mmoja akasema, "Huyu mzee, hata kaburini!" Mama Paskalina anacheka analia, anajifuta na kanga. Nikapiga kelele, nikapiga udongo kwa ngumi, nikasema mara ya tatu, na sauti yangu ilikatika, na wao wakadhani namwigiza yeye anavyokohoa. Katekista akaangalia saa, akatoa ishara. Vijana wawili wakanishika makwapa, wakanivuta juu, binti yake akanipa kuku mweupe wa mtani kama desturi, na jeneza likashuka.

Nilikuwa nimesema bila punje moja ya chumvi, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Na mtu pekee pale ambaye angejua kwamba siku hiyo hakuna cha kugawa kwa kumi, ndiye walikuwa wanamfukia.